Vichupa vya Mwezi wa Tatu

Kioo kikioshwa vizuri, maji hayasimami juu yake kwa matone. Huteremka yote kwa pamoja, kama shuka linalovutwa kitandani, na nyuma yake hakibaki kitu. Mama Vioo alikuwa na mazoea ya kukiinua kila kioo kwenye dirisha lililo juu ya karo na kukitazama upande huu na upande ule. Tone moja tu likiganda pembeni, kioo kilirudi kwenye povu.

Siku moja mwanafunzi mmoja alimtania. "Mama, hivyo ni vioo vya jeli, si vya kujitazamia bi harusi."

Akamjibu bila kugeuka, "Bi harusi akiwa na doa tutamfunika kwa mtandio. Jeli utaifunika na nini?"

Maabara nzima ikaangua kicheko, na jina likamganda tangu siku hiyo. Hata kwenye orodha ya zamu waliandika Mama Vioo, na yeye akaitika.

Alikuwa ameingia pale miaka kumi na tisa nyuma, kufagia. Shule yake iliishia darasa la saba. Aliyemtoa kwenye ufagio na kumleta kwenye karo ni fundi mmoja mzee ambaye wote walimwita Babu, mtu wa maneno machache aliyependa kufundisha kwa kuonyesha kidole. Babu alistaafu, kisha akafariki, lakini alichokuwa amekionyesha kwa kidole kilibaki kichwani mwa Mama Vioo.

Kazi yenyewe alikuwa anaijua kwa njia yake. Vioo viwili husimamishwa vikitazamana, katikati mwanya mwembamba kama unene wa kucha. Humo humiminwa maji mazito ambayo baada ya nusu saa huganda yakawa jeli, laini kama utando wa yai. Kabla hayajaganda huchomekwa kitana juu yake, na kitana kikichomolewa huacha vishimo kumi vilivyopangana. Wao huviita visima. Kila kisima hupewa tone la mgonjwa wake: damu, au mate, au mkojo, uliokwisha kuchemshwa na dawa inayozinyoosha protini zikawa kama nyuzi. Kisha umeme huwashwa, waya mweusi juu na mwekundu chini, na protini zote huanza safari ya kushuka. Zilizo ndogo hupenya upesi. Nene hujikokota na kuachwa nyuma. Umeme ukizimwa, kila moja hubaki pale ilipofika, na ukiipaka jeli rangi unaona mistari, mmoja juu ya mwingine. Kisima cha kwanza huwekwa protini ambazo ukubwa wake unajulikana, ili zingine zipimwe kwa hizo, na mistari yake huitwa ngazi.

"Ni kama watu wanaotoka mlangoni kwa fujo," aliwahi kumweleza mumewe. "Mwembamba anapita, mnene anakwama."

"Basi mimi ningekuwa bado kisimani," mumewe alisema, akijipiga tumbo.

Zamani, katika mwaka wake wa kwanza kwenye karo, Babu alimwita kwenye meza ya mwanga, ile meza nyeupe yenye taa ndani, na kumwonyesha jeli moja iliyoharibika. Kwenye visima vyote, karibu na juu, kati ya daraja la pili na la tatu la ngazi, palikuwa na mistari miwili iliyobanana, yenye ukungu kidogo. Babu akaonyesha mistari. Kisha akaonyesha mikono ya Mama Vioo.

"Ngozi," alisema. "Ngozi ya mtu hudondoka bila yeye kuiona, nayo ni protini kama nyingine. Huu unaitwa mstari wa mikono. Vaa glavu."

Akavaa. Na hapo ndipo taabu yake ilipoanzia, kwa sababu glavu zilimuunguza. Akivaa nusu siku, vidole vilivimba na kuwasha. Akivaa wiki nzima, ngozi ilipasuka kwenye maungio na kubanduka kama ganda la kitunguu. Alijaribu mafuta ya kila namna. Hakumwambia mtu. Sheria ilikuwa imebandikwa mlangoni: asiyevaa glavu haruhusiwi kugusa vifaa vya sampuli. Yeye alielewa maneno hayo kwa maana moja tu, kwamba mwenye mikono mibovu hana kazi hapa.

Mwezi wa tatu wa mwaka huu wa kumi na tisa mikono ilimzidi. Damu ilikuwa inatoka akikunja ngumi. Ikawa kwamba kwenye vioo alivaa glavu, maana karo liko mbele ya watu, lakini kazi ya vichupa aliifanya kwenye chumba cha nyuma peke yake, mikono mitupu. Vichupa ni vidogo vya plastiki, virefu kama kifundo cha kidole, kila kimoja na kifuniko chake. Kazi ni kuvifunga vifuniko kimoja kimoja, kuvijaza kwenye chupa kubwa, kuvipika kwa mvuke, kisha kubandika utepe wenye tarehe. Mwezi ule alijaza chupa kubwa tisa. Mvuke huua vijidudu, lakini ngozi hauifuti. Hilo alilijua, na alijiambia kwamba vumbi kidogo la mikono yake halitamdhuru mtu.

Mwezi wa nne ulipokuwa unaisha, binti yake aliye fundi cherehani alimshonea glavu nyembamba za pamba za kuvaa chini ya zile nyingine. Mikono ikatulia. Mambo ya mwezi wa tatu akayasahau, au tuseme aliyaacha yalale.

Mwezi wa nane, siku ya Ijumaa, Daktari alipiga ukelele.

Daktari huyu alikuwa msichana wa miaka kama thelathini na mmoja, mwembamba, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kununa. Utafiti wake ulikuwa juu ya wagonjwa wa kisukari. Figo za baadhi yao huharibika kimyakimya, na mtu hujua wakati hakuna tena la kufanya. Daktari alikuwa anatafuta kwenye mkojo wao mstari wowote unaojitokeza mapema. Kwanza aliiondoa ile protini ya kawaida inayofunika zingine, kisha akapitisha kilichobaki kwenye jeli, akaipaka rangi ya madini ya fedha inayoonyesha hata kitu kidogo mno. Mwaka mzima aliambulia patupu. Sasa alikuwa amesimama kwenye meza ya mwanga, mikono kichwani.

"Njooni muone! Wagonjwa wote wanao, wazima hawana! Mama Vioo, njoo uone, vioo vyako vimezaa!"

Mama Vioo alifuta mikono, akasogea na wenzake. Jeli ilikuwa ya manjano hafifu, na mistari yake ya rangi ya kahawia. Upande wa wagonjwa, karibu na juu, kati ya daraja la pili na la tatu, ilikuwepo mistari miwili iliyobanana, yenye ukungu kidogo.

Akaiingiza mikono yake chini ya aproni.

"Mbona umenyamaza, mama? Hufurahi?"

"Nimefurahi, Daktari. Hongera sana."

Akarudi kwenye karo na kuosha kioo kilichokwisha kuoshwa.

Jumatatu akasikia mengine. Profesa, mkuu wao, angefika Alhamisi kutia saini. Wagonjwa thelathini na wawili wenye mstari wangeandikiwa barua waje waanzishiwe dawa, dawa kali inayochosha ini, ambayo mtu hapewi pasipo sababu. Barua zilikuwa tayari, zinasubiri saini tu. Siku hiyo alipiga moyo konde mara mbili akaenda hadi mlangoni kwa Daktari. Mara ya kwanza alikuta watu. Mara ya pili Daktari alikuwa peke yake, akainua macho na kutabasamu.

"Ndiyo, mama?"

"Nimekuja kuuliza kama kuna vioo vichafu."

Jioni, mumewe alikuwa ameketi kibarazani na kiatu cha mtu mapajani, anashona soli. Alimsikiliza mkewe hadi mwisho, sindano mdomoni. Kisha akaitoa.

"Ngoja nielewe. Unataka kwenda kumwambia msomi mzima kwamba ameona ngozi yako akadhani ni figo?"

"Ndivyo."

Mzee alicheka mpaka kiatu kikaanguka. Alipoona mwenzake hacheki, akakiokota na kukipangusa.

"Mama watoto, imebaki miaka mingapi ustaafu?"

"Miwili."

"Miwili. Na ulivunja sheria iliyobandikwa mlangoni. Mimi nikigundua kwamba kisigino nilichokigongelea mtu ndicho kinachomchubua, unadhani namkimbilia barabarani kumtangazia? Akirudi namtengenezea, naye anaondoka anachechemea kwa furaha."

"Kisigino kinatengenezeka, baba. Hawa wanakunywa dawa."

"Wana madaktari."

"Madaktari ndio hao wanaotazama ngozi yangu."

Mzee akairudia soli. Alishona mishono kama sita kabla ya kusema tena, safari hii bila mzaha. "Una hakika ni mikono yako? Maana ukikosea, utakuwa umejimwagia unga bure."

Swali hilo alilala nalo. Hakuwa na hakika. Babu alikuwa amemwonyesha mara moja tu, zamani. Huenda figo nazo zina mstari unaofanana.

Jumanne aliwahi kazini kabla ya wote. Alipiga magoti mbele ya kabati la chini, akasukuma pembeni masanduku ya karatasi, na nyuma kabisa akakuta alichokitafuta: chupa kubwa moja ya vichupa, haijafunguliwa, na kwenye utepe wake mwandiko wake mwenyewe, tarehe tatu mwezi wa tatu. Ya mwisho kati ya zile tisa. Vichupa vya zile nane vilitiwa mkojo wa wagonjwa.

Akaisimamisha kando ya karo. Maji ya moto yalikuwa tayari yanatoka. Kuvifungua, kuvisuuza, kuvitupa kwenye pipa la plastiki, dakika kumi zingetosha. Baada ya hapo duniani kusingekuwa na mtu wa kumwambia chochote, hata yeye mwenyewe asingeweza tena kujua. Na hilo la mwisho ndilo lililomshika mkono. Angeishi na swali la mumewe kila siku, mpaka kaburini, asijue kama aliwanywesha watu thelathini na wawili sumu au la. Akafunga bomba.

Daktari alipoingia, akamkuta amesimama mlangoni kwake, chupa kifuani kama mtu aliyebeba mtoto wa jirani.

"Daktari, naomba visima sita."

"Visima sita vya nini?"

"Vya maji. Vitatu kutoka vichupa hivi, vitatu kutoka vichupa vya sasa. Ule mstari wako nahisi ni ngozi."

Daktari alicheka kidogo, kwa upole, kama mtu anavyomchekea shangazi yake. "Mama, hilo nililiwazia. Kila jeli nimeweka kisima cha maji. Hakina kitu."

"Hayo maji uliyatia kwenye kichupa kipi?"

"Cha pale mezani."

"Ile ni chupa ya mwezi wa sita. Na watu wazima uliwagawia kwenye vichupa vya mwezi wa sita. Wagonjwa uliwagawia mwezi wa tatu na wa nne." Akaigeuza chupa utepe uonekane. "Vya mwezi wa tatu nilivifunga bila glavu. Mikono yangu ilikuwa inabanduka. Mwanangu, ni ngozi yangu."

Kicheko kilikatika. Daktari aliitazama chupa, akautazama utepe, kisha akaketi. Ukumbini mtu alipita akiburuta kigari.

"Nani mwingine anajua?" Daktari aliuliza, taratibu sana.

Mama Vioo alilielewa swali. Alielewa pia kwamba aliyeuliza alikuwa amechoka mwaka mzima, na kwamba mkataba wake nao ulikuwa unategemea Alhamisi.

"Mimi na wewe. Na mume wangu, lakini yeye akili yake ni viatu tu."

Daktari alifunika uso kwa viganja. Mabega yakatikisika, na Mama Vioo hakujua kama analia au anacheka. Alipoinuka, macho yalikuwa mekundu. "Vioo viko wapi?"

"Nimekwisha kuvisafisha."

Walifanya kazi bega kwa bega asubuhi hiyo. Jeli ilipoganda, Mama Vioo alichomoa kitana mwenyewe, wima, kwa pumzi moja, visima visipinde. Daktari alipochukua pipeti, mrija wa kunyonyea matone, kuyashusha maji visimani, yaliyotiwa rangi ya buluu ili yaonekane, alishika pumzi.

"Shusha pumzi kwanza," Mama Vioo alisema. "Babu alikuwa anasema ukishika pumzi, mkono nao unashikwa."

"Leo unanifundisha kazi, mama?"

"Kidogo tu. Kesho nitaacha."

Umeme ukawashwa. Ule mstari wa buluu ukaanza kushuka polepole, nao wakakaa kuutazama, kila mmoja kwenye stuli yake, ingawa hakukuwa na haja ya kutazama. Baadaye ikaja kazi ya rangi: dawa hii, suuza, dawa ile, suuza. Saa kumi jioni jeli ilikuwa inaelea kwenye sinia, ikianza kupata umanjano. Visima vya mwezi wa sita vilibaki vyeupe. Kwenye vile vitatu vya mwezi wa tatu ukungu ukatokea, ukakolea, ukajigawa. Mistari miwili iliyobanana. Kwenye maji matupu.

"Basi," alisema Daktari. Akamimina dawa ya kuzuia rangi isiendelee.

Hasira ilikuja baada ya hapo, na ilikuja yote kwa pamoja. Alitupa glavu zake kwenye pipa. "Miezi mitano! Nimekaa na ngozi ya mtu miezi mitano! Kwa nini hukusema ule mwezi wa tatu? Neno moja tu, mama!"

"Ningemwambia nani?"

"Mimi! Mtu yeyote! Kwenye mkutano!"

"Kwenye mikutano yenu mimi huingia kuchukua vikombe."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayetaja siku ya juma. Daktari akachukua mkoba wake, na jioni hiyo hawakuagana.

Alhamisi Profesa alifika, mzee mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba. Mlango ulifungwa. Mama Vioo aliosha vioo arobaini asubuhi ile bila kujua ameosha vingapi. Ilipofika saa tano akaitwa. Ile jeli ya maji ilikuwa mezani, imelazwa kwenye karatasi ya plastiki. Profesa aliinama juu yake muda mrefu.

"Ulijuaje?"

"Nilionyeshwa zamani, Profesa. Na Babu."

"Mimi pia nilionyeshwa na yeye," alisema Profesa, akavua miwani. "Na nilipoletewa picha Ijumaa, sikuiona. Nilitaka sana isiwe hiyo."

Barua za wagonjwa zilirudishwa kwenye bahasha kubwa na kufungiwa kabatini. Barua nyingine ikaandikwa, ya Mama Vioo: onyo, kwa kugusa vifaa bila glavu. Alitia saini mahali alipoonyeshwa. Alikuwa amejiandaa kwa barua ya kufukuzwa, hata alikuwa amebeba mfuko wa kutilia kikombe chake na ndara zake, hivyo ile ya onyo ilimwacha amesimama pale kama aliyepewa mzigo mwepesi kuliko alivyokaza misuli. Daktari alipewa miezi minane kuanza upya. Kwenye friza palikuwa na mkojo wa wagonjwa kumi na mmoja tu uliokuwa bado haujagawanywa. Akaupitisha juma lililofuata, kwenye vichupa safi, na pale palipokuwa na mistari miwili hapakuwa na kitu.

Juma hilo hawakusemezana zaidi ya salamu. Mama Vioo hakulalamika. Alijua alichomnyang'anya, na alijua pia kwamba alikuwa amempa kwanza kabla ya kumnyang'anya.

Jumanne moja Daktari alikuja karoni na vioo vyake viwili. Kwa kawaida aliviacha kwenye beseni na kuondoka. Safari hii alisimama.

"Nionyeshe mikono."

"Imepona, Daktari. Sasa navaa za pamba kwa ndani."

"Nionyeshe tu, mama."

Mama Vioo alivua glavu za juu, akavua na za pamba, akainyoosha mikono. Daktari aliishika, akaigeuza, akavikunja vidole kimoja kimoja na kuyatazama makovu kwenye maungio. Alitazama kwa makini yaleyale aliyokuwa akiyatumia kwenye meza ya mwanga. Katika miaka kumi na tisa, kwenye jengo lililojaa madaktari, hakuna aliyewahi kuishika mikono hiyo.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoanza kuzivaa."

"Ni mpira wake unaokuunguza. Ngozi yako inaukataa. Kuna glavu za aina nyingine, za buluu, hazina mpira huo."

"Zinaagizwa mbali?"

Daktari akatikisa kichwa. Alikuwa bado ameishika mikono. "Ziko stoo, ghorofa ya chini. Makatoni kwa makatoni. Hakuna aliyeziomba."

Mama Vioo alimtazama, akatazama mikono yake, akaguna. Kisha akajifuta kwenye aproni, akafunga bomba, na kuteremka ngazi kwenda kuziomba.